Mnara Ulioapa kwa Niaba ya Wenzake

Mnara wa tangi tuliomtengenezea Mama Dobi ulianguka Jumatatu asubuhi, tangi likiwa limejaa, ukamvunja nyonga. Haukuangushwa na upepo. Hapakuwa na tetemeko. Mama alikuwa chini yake anasuuza mashuka ya nyumba ya wageni, kama afanyavyo siku zote, mguu mmoja wa mnara ukaachia kwenye kiungo, na lita elfu mbili za maji zikashuka pamoja na vyuma vyake.

Habari ilinikuta kitandani, nimelala chali kama mjusi aliyepigwa jiwe. Nilikuwa nimepasuliwa ngiri, na daktari alikuwa amenikataza kubeba hata ndoo. Mke wangu ndiye aliyepokea simu. Alinitazama kwanza kabla ya kuniambia, nikajua kuna balaa, kwa sababu mke wangu si mtu wa kutazama kwanza.

"Mnara umeanguka," akasema. "Wa kwenu."

Nikavaa suruali. Akaniuliza nakwenda wapi na mshono huo. Akachukua mtandio wake, tukaenda wote.

Uani kwa Mama Dobi mashuka meupe yalikuwa yamesambaa kwenye tope, yamekanyagwa na watu waliokuja kumbeba. Mwenyewe alishapelekwa hospitali. Mwanawe wa kiume, kijana mpana anayeendesha lori, alikuwa amesimama na mikono kiunoni. Nilimsalimia. Hakuitika. Sikumlaumu. Nikachuchumaa polepole, nimeshika tumbo, nikatazama ule mguu.

Nimechomelea vyuma tangu sijaota ndevu. Kiungo kilichochomelewa sawasawa kikizidiwa, chuma chenyewe ndicho kinachoraruka, unaona mdomo wake umechanika. Hiki hakikuraruka. Kilibanduka, kama soli ya kiatu cha bei rahisi. Nikapitisha ukucha. Chini ya rangi palikuwa na puti, ile ile wanayosawazishia mabodi ya magari. Chini ya puti palikuwa na nukta mbili za moto, kila moja kama punje ya hindi. Nukta mbili! Hizo ni za kushikizia tu chuma kisicheze wakati unajiandaa kukichomelea. Mtu alishikiza, hakurudi kuchomelea, halafu mwingine akaja akapaka puti ili mteja asione pengo, na juu yake akaweka rangi nzuri ya fedha.

"Hiyo ni kazi yenu?" mwanawe akaniuliza.

"Ni yetu."

"Mdogo wako amenipigia simu sasa hivi. Amesema huenda ni msingi. Ati zege tulimwaga wenyewe, ndiyo maana limekaa vibaya."

Nilitazama lile zege. Lilikuwa limenyooka kama meza, halina hata ufa. Damu ikanipanda hadi masikioni.

"Mdogo wangu amekuja hapa kuliona hilo zege?"

"Hajafika."

Nikamwambia mke wangu twende karakana.

Hiyo karakana tuliachiwa na baba, mimi na mdogo wangu. Sote wawili si wasomi. Tulikulia kwenye cheche. Baba alikuwa na sheria moja tu ambayo hakuna mtu aliyethubutu kuigusa. Mnara ukikamilika, kabla haujapakiwa, fundi aliyeuchomelea anaupanda hadi juu, anaruka kwa uzito wake wote, na wenzake wanauvuta kwa kamba kutoka pande zote nne. Mwenyewe, si mwingine. Tuliita kuuapisha. Baba alikuwa akisema, "Ukiogopa kuupanda, jibu unalo." Nimewahi kumwona fundi mzima, mwenye watoto watano, akisimama chini ya kazi yake akikuna kichwa, halafu akasema, "Ngoja kwanza nirudie ile kona ya kushoto." Hakuna aliyemcheka. Aliirudia, akapanda.

Mdogo wangu watu wanamwita Saa Kumi. Jina alilipata mwaka juzi, alipotoka kwenye semina ya wafanyabiashara iliyofanyika kwenye ukumbi wa hoteli. Alirudi na fulana, beji, na macho ya mtu aliyeokoka. Tangu hapo anaamka saa kumi alfajiri, anaoga maji baridi, anaandika malengo yake ya siku, halafu anatupigia simu sisi wengine kutuuliza kama tumeamka. Mke wangu alishamjibu, "Shemeji, hata jogoo wa jirani amekulalamikia."

Sitaki kumwonea. Mengine aliyoyaleta yalikuwa mazuri. Kabla yake, nyundo moja ilitafutwa asubuhi nzima. Yeye akapigilia misumari ukutani, kila kifaa kikapata msumari wake. Mafundi wakaacha kuchelewa. Mteja akiambiwa Alhamisi, anapewa Alhamisi. Kila asubuhi wanasimama duara, kila mtu anasema atafanya nini siku hiyo. Nilikuwa nikisimama nao, nilijisikia mjinga kidogo, lakini nilisimama. Akaleta na kengele. Ukimaliza kazi unaigonga, wote wanapiga makofi, na mwenye kengele nyingi kwa wiki anavaa kofia nyekundu na picha yake inabandikwa ukutani. Watu wazima, wenye wajukuu, wakawa wanagombea kofia.

Halafu nikapasuliwa, nikalala nyumbani. Alikuja kunitazama na matunda. Nilimuuliza swali lile lile kila alipokuja, "Mnaapisha?" Na kila mara alinijibu bila kupepesa jicho, "Kila kitu kinaapishwa, kaka. Wewe pona."

Nilipoingia karakana Jumatatu ile walikuwa bado kwenye duara. Yaani mama wa watu yuko chini ya madaktari, na wao wamesimama duara! Mdogo wangu alikuwa katikati, shati limepigwa pasi, anazungumza kwa sauti ya upole ya semina.

"Kaka! Ungepumzika. Tunalijadili hilo hilo."

"Nani aliupanda mnara wa Mama Dobi?"

"Karibu kwenye duara kwanza."

"Duara kaa nalo. Nani aliupanda?"

"Kaka, hatuanzi na nani. Tunaanza na tumejifunza nini."

"Mimi nimejifunza kwamba kuna mtu amevunjika nyonga. Nani aliupanda?"

Mafundi wakatazama viatu vyao. Fundi mmoja tunayemwita Umeme, kwa sababu ya kasi yake, ndiye aliyekuwa amevaa kofia nyekundu. Akaivua taratibu, akaishika nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Wa Mama Dobi haukupandwa, Mkubwa," akasema. "Ilikuwa minara minne, mtindo mmoja, chuma kimoja. Ulipandwa mmoja."

"Kwa nini mmoja?"

Umeme akamtazama mdogo wangu. Mdogo wangu akatazama saa yake.

"Bosi alisema tuapishe mmoja, utaapa kwa niaba ya wenzake."

Nilisubiri mtu acheke. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamelikubali jambo hilo, watu wenye akili zao: kwamba chuma kimoja kinaweza kula kiapo kwa niaba ya chuma kingine, kama mjumbe kwenye mkutano.

"Viwandani ndivyo wanavyofanya," mdogo wangu akasema. "Wanapima kimoja kati ya vingi. Kuapisha kunakula nusu siku, kaka. Watu watano wanaacha kazi wanamtazama mmoja anarukaruka juu kama nyani aliyeona ndizi. Nilipiga hesabu ya muda unaopotea, nikashindwa kulala."

"Kiwandani inachomelea mashine. Hapa anachomelea Umeme. Umeme wa Jumanne siye Umeme wa Ijumaa."

"Kweli kabisa," Umeme akasema, halafu akajutia kusema.

Nikamgeukia. "Na wewe! Nukta mbili! Nukta mbili kwenye mguu unaobeba tangi!"

"Nilishikiza, Mkubwa, nikasema nitarudi. Niliporudi nikakuta umeshaondolewa, uko kwenye rangi."

"Ukanyamaza?"

"Kengele ilikuwa imeshagongwa."

Mungu ndiye anayejua nilivyojizuia. Kengele ilikuwa imeshagongwa! Kwa hiyo ilikuwa rahisi zaidi kumwachia Mama Dobi asimame chini ya nukta mbili kuliko kuwaambia wenzake kwamba anayarudisha makofi waliyompigia. Nilikwenda ukutani nikaing'oa ile kengele, msumari na plasta vikatoka pamoja, nikaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Mshono ukanichoma hadi nikaona nyota.

"Mingine mitatu iko wapi?" nikauliza.

"Tuzungumze ofisini," akasema mdogo wangu.

Ofisi yetu ni kontena lililokatwa dirisha. Alifunga mlango. Sauti ya semina ikaisha, ikabaki ya mdogo wangu niliyemfundisha kuendesha baiskeli.

"Ijumaa tunasaini kazi ya zahanati, kaka. Minara ishirini. Ishirini! Baba hakuwahi kuota kazi kama hiyo. Wakisikia mnara wetu umeanguka, imekwisha. Nipe hadi Ijumaa tu. Jumamosi tunaipitia hiyo mitatu kimyakimya, tunawaambia wateja ni huduma ya bure."

"Na hadi Ijumaa?"

"Imesimama. Haina tatizo."

"Wa Mama Dobi ulikuwa umesimama pia, hadi leo asubuhi."

"Inawezekana ulikuwa huo mmoja tu."

"Na ule ulioapishwa ni upi kati ya minne?"

Akaanza kupanga karatasi za mezani.

"Nakuuliza. Ni upi?"

"Ilikuwa inafanana," akasema.

Hata huo mmoja waliouapisha hawakujua waliupeleka wapi.

"Na mwanawe Mama Dobi umemdanganya kuhusu zege."

"Sikudanganya. Nilisema huenda."

Hiyo 'huenda' ilinikera kuliko nyonga. Mtu akikudanganya wazi unaweza kumkamata mkono. Mwenye 'huenda' amejiwekea mlango wa nyuma kabla hajaingia. Anaweza kumrundikia mama wa watu kosa la kujivunja mwenyewe, na jioni akalala usingizi mnono kwa sababu hakusema uongo.

"Minara iko wapi?" nikamuuliza mara ya mwisho.

"Sikuambii, kaka. Kwa faida yako. Wewe ni mgonjwa."

Nikatoka nje, nikamuuliza Umeme. Akaniambia: mmoja kwa mwosha magari, mmoja kwenye vyumba vya kupanga vya Mwenye Nyumba, mmoja shule ya chekechea.

"Chekechea?" mke wangu akasema. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, mtandio ameufunga kiunoni. "Watoto?"

Mdogo wangu akatoka kontenani akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Anayetoka getini saa hii na kaka, asirudi."

Umeme aliweka ile kofia nyekundu juu ya meza, akachukua spana na mnyororo, akatufuata. Nilikuwa bado nataka kumzaba kofi.

Tulienda chekechea kwanza. Ile shule ni nyumba ya kawaida yenye uwanja wa mchanga, kuta zimechorwa tembo na herufi. Mnara wetu ulikuwa katikati ya uwanja, mrefu, unang'aa, tangi jeusi juu yake. Na kwa sababu ulikuwa na kivuli kizuri, na vyuma vya kupishana vyenye nguvu kwa macho, mtu alikuwa amefunga hapo bembea ya tairi. Mtoto wa kike mwenye nywele za kusuka alikuwa ndani ya lile tairi, anasukumwa na wenzake, anacheka. Kila alipokwenda mbele, mnara ulitoa sauti ndogo, kri, kama mlango usiotiwa mafuta.

Nikapiga kelele. Sikumbuki nilisema nini, nadhani nilisema "Tokeni!" Watoto wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe, wengine wakaanza kulia. Yule wa kwenye tairi akabaki amenitolea macho. Mke wangu akakimbia akamchomoa.

Mwalimu mkuu akatoka na chaki mkononi. Ni mwanamke mfupi, mkavu, wa kuheshimika.

"Baba, unatishia watoto wangu kwa nini?"

"Samahani, Mwalimu. Huo mnara ni mbovu. Unaweza kuanguka saa yoyote. Waingize watoto ndani, nifungue maji yote yamwagike."

Hakuogopa. Alinitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonishtua.

"Mdogo wako amenipigia," akasema taratibu, kama unavyozungumza na mlevi. "Amesema umetoka kupasuliwa, bado una dawa kichwani. Amesema unaweza kuja hapa na maneno ya ajabu, tukuvumilie, tukupe kiti ukae. Mwalimu mwenzangu, mlete baba kiti."

Kaka yake! Tumbo moja! Aliona ni bora niitwe kichaa mbele ya watoto wadogo kuliko kazi yake ya Ijumaa iingie dosari. Na jinsi nilivyosimama pale, jasho linanitiririka, nimeshika tumbo, nimetoka kuwaliza watoto wa watu, nani asingemwamini?

"Mwalimu," mke wangu akasema, "huyu hana dawa kichwani. Ni hasira tu. Mimi nimeishi nayo miaka, naijua rangi yake."

Kiti kikaletwa. Nikakikataa. Nikamwomba Umeme bisibisi, nikauendea mguu wa karibu. "Simama pale pale, Mwalimu, tazama tu." Nikakwangua kwenye kiungo. Rangi ya fedha ikatoka, ikafuata puti nyeupe, inameguka kama chaki ile ile aliyoishika. Nikakwangua hadi nikafika kwenye chuma. Nukta tatu. Katikati ya nukta na nukta, kijisehemu cha mwanga kilipenya kutoka upande wa pili.

"Ukubwa wa tangi lako unaujua," nikamwambia. "Hivi ndivyo vinavyolishikilia."

Mwalimu akainama, akachungulia. Alikaa ameinama muda. Aliponyanyuka hakunitazama mimi, alimtazama Umeme.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, Mwalimu," Umeme akasema.

"Una mtoto?"

"Ninaye. Yuko hapa. Darasa la wadogo."

Kumbe alikuwa anamleta mwanawe kila asubuhi, anampitisha chini ya mnara, anamwambia kwaheri, na yeye anajua alishikiza na hakurudi! Nilimtaka aseme kitu, ajitetee hata kwa upuuzi. Alisema tu, "Nilijiambia ule wangu mbovu labda haukuja huku." Labda! Huyo naye alikuwa ameshaambukizwa.

Mwalimu akapiga makofi, watoto wakaingia ndani kwa mstari wakiwa bado wanavuta makamasi. Tukafungua mabomba yote. Maji yakamwagika uwanjani hadi mchanga ukawa dimbwi, na watoto wakapanga nyuso zao dirishani kutazama. Siku ile shule haikuwa na maji ya kunywa wala ya chooni, na wazazi walipigiwa simu kuja kuwachukua. Mmoja wao alifika na suti, akanitukana mbele ya mwanawe. Nikamwacha amalize. Tangi lilipokwisha maji, Umeme alifunga mnyororo, akaomba vijana wa jirani, wakaulaza chini ule mnara. Mguu wa tatu ulikatika kabla haujagusa ardhi.

Kwa mwosha magari ilikuwa rahisi. Alimwona mkaguzi wangu wa kweli, yaani bisibisi, akafungua maji mwenyewe huku akilalamika, "Sasa magari ya watu niyaoshe kwa mate?" Kwa Mwenye Nyumba ilikuwa vita. Huyo naye alishapigiwa simu. Alisimama mlangoni na singlendi, akasema mnara ni mali yake, amelipa, na hataki kusumbuliwa na watu waliotoka wodini. Nikawaonyesha wapangaji wake viungo vya mnara. Akina mama wawili waliokuwa wanafua pale chini hawakusubiri ruhusa ya mtu. Mmoja akamwambia, "Baba mwenye nyumba, kodi tunalipa ya chumba, ya jeneza hatujalipa," akafungua bomba.

Njiani kurudi nilihisi suruali imelowa. Nilidhani ni maji. Ilikuwa damu, mshono ulikuwa umeachia. Nikapelekwa hospitali ile ile, nikashonwa tena, na daktari akanigombeza hadi akachoka.

Mama Dobi alikuwa wodi ya pili kutoka yangu. Kesho yake nilijikokota hadi kwake. Alikuwa amelala, mguu umefungwa uzito, uso wake umekuwa mdogo. Mwanawe alikuwa pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe si yule fundi?"

"Ndiye. Mama, hukuambiwa ukweli. Si zege lako. Zege lako ni zuri. Mnara haukuchomelewa, ulishikizwa tu, na hatukuupanda kabla ya kukuletea. Ni sisi."

Alitazama dari.

"Kwa hiyo umekuja kuomba msamaha."

"Nimekuja kukuambia."

"Haya, umeniambia." Akageuza kichwa ukutani. "Usiku kucha nimelala hapa najilaumu kwamba nilibania saruji. Mwambie huyo mdogo wako nimeshaacha kujilaumu. Sasa namlaumu yeye. Na wewe pia. Nenda kalale."

Mwanawe alinisindikiza hadi mlangoni. Nilidhani atanipiga. Alisema, "Mzee, asante kwa kusema. Lakini mama yangu mtamtibu nyinyi." Nikamwambia ndivyo itakavyokuwa.

Habari ya mnara ilifika kwa watu wa zahanati kabla ya Ijumaa. Si mimi niliyewapelekea, ingawa mdogo wangu hadi leo anaamini ni mimi. Mzazi mmoja wa chekechea anafanya kazi huko, yule yule wa suti. Ijumaa walipiga simu kusema tusisumbuke kuja.

Jioni yake mdogo wangu akaja nyumbani. Hakukaa. Mama yetu alikuwa amekuja naye, akakaa kwa niaba yake.

"Umeniua, kaka," akasema.

"Hujafa. Mama Dobi ndiye aliyekaribia kufa."

"Ningeirekebisha yote Jumamosi! Nilikuwa na mpango, nimeuandika, hatua kwa hatua! Wewe huwezi kungoja. Hukuwahi kungoja."

"Ulimwambia Mwalimu mimi ni kichaa."

"Nilisema una dawa."

"Yule mtoto kwenye tairi naye angengoja Jumamosi?"

Akapayuka, na kwa mara ya kwanza tangu semina ile nikamwona bila beji. "Umewahi kunikuta nimelewa? Umewahi kunisikia nimechelewa? Nani aliitoa ile karakana kwenye uchafu? Wewe ulikuwa unatafuta nyundo hadi saa sita! Mimi naamka saa kumi, kaka! Saa kumi!"

"Mwizi naye huamka saa kumi," nikamwambia.

Mama akanyoosha kidole. "Wewe! Huyo ni ndugu yako. Baba yenu aliwaachia karakana moja, hakuwaachia mbili. Jambo la ndani linamalizwa ndani. Umekwenda kumvua mdogo wako nguo sokoni."

"Mama, mnara uliangukia nje. Haukuangukia ndani."

"Basi ushinde," mama akasema, akanyanyuka. "Shinda, uone utakula nini na huo ushindi wako."

Wakaondoka. Mke wangu alikuwa ameweka chai mezani, hakuna aliyeigusa. Nilikuwa bado na hasira, na ninapoandika hapa bado ninayo. Watu wananiambia muda utaipunguza. Sioni sababu ya kuipunguza.

Gharama yake ni hii. Minara mitatu imechomelewa upya na kurudishwa bure, na kila mmoja umepandwa na Umeme mbele ya mwenye mali. Wa nne umekuwa chuma chakavu. Mashine kubwa ya kuchomelea na gari la kubebea mizigo vimeuzwa, vikaenda kwenye nyonga ya Mama Dobi, na bado anatembea kwa fimbo na hawezi kuinama kwenye karai, kwa hiyo nyumba ya wageni imempa mashuka mtu mwingine. Minara ishirini ya zahanati inajengwa na watu wa upande wa pili wa mji. Mafundi walikuwa sita, wamebaki wawili, mmoja wao ni Umeme. Mwalimu alitupa heshima kwa kuturuhusu kuurudisha mnara, lakini wazazi saba walihamisha watoto wao. Tumbo langu lina makovu mawili mahali pa moja. Mama yangu haji tena kwangu. Nikitaka kumwona naenda kwa mdogo wangu, na mdogo wangu akinisikia getini anatoka kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa na ndugu mmoja tu.